Kitanda cha nyuma kwenye semi sio mahali pa mtoto: yaliyonikuta karibu na Igawa, na swali langu kuhusu likizo ya Desemba

Baba Wawili:
Wakuu habari za mihangaiko. Uzi huu ni mrefu kidogo naombeni uvumilivu, ni jambo limenikaa rohoni tangu mwaka juzi na sasa limerudi tena kwasababu likizo ya Desemba inakaribia na dogo wangu wa kiume kila nikipiga simu nyumbani ni wimbo mmoja tu, baba safari hii twende wote.

Mimi ni dereva wa semi (lori la tela), huu mwaka wa 14 niko barabarani, njia yangu kubwa ni Dar Tunduma na mara chache nafika mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Wenye kazi hii mnajua maisha yake, unaondoka mtoto hajaota meno unarudi anajificha nyuma ya khanga ya mama yake. Kwaio mtu akiniambia watoto wasipande lori kabisa namuelewa, ila na yeye anielewe kwanini tunawapandisha.

Mwaka juzi likizo ya Juni nikamchukua binti yangu, alikuwa na miaka 7. Bosi sikumwambia. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu, tulipoingia Mikumi asubuhi tembo walikuwa karibu na barabara, mtoto anaongea kutwa nzima lakini pale akakosa neno akabaki kunishika mkono. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu vya mama yake, Kitonga akahesabu kona mpaka zikamchanganya, tukala Makambako na pale akaanza kusinzia. Nikafanya kile ambacho nadhani madereva wengi hapa mngefanya, nikamwambia panda kitandani ulale mama, nikamfunika blanketi maana baridi ya Makambako mwezi wa sita sio ya kuchezea.

Kabla ya kufika Igawa jua linazama, ng'ombe wakatokea kushoto. Nilikuwa kwenye 60 hivi wala sikuwa nakimbiza. Nikakanyaga breki. Gari likasimama, ng'ombe hatukugusa hata mmoja, mzigo haukusogea, tela halikuyumba. Lakini mtoto alitoka kule nyuma kama kiroba, akapita katikati ya siti mbili, bega likagonga deshbodi akaangukia kwenye gia. Utingo alijaribu kumdaka akaambulia blanketi.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika na juu ya jicho alishonwa nyuzi sita. Yupo mzima leo anasoma, namshukuru Mungu. Ila ndugu zangu ile ilikuwa BREKI TU, hatukugonga kitu. Nikajifikiria lile lingekuwa tela la mwenzangu limeharibikia barabarani usiku halina hata majani ya kuonya nyuma, ningekuwa naandika nini hapa.

Kitu ninachotaka kusema ni hiki: kitanda ndio sehemu tunayoiamini kuliko zote ndani ya kichwa cha lori, tunaona laini, tunaona kuna ukuta na pazia, na ndio sehemu ambayo haina kitu hata kimoja cha kumshika mtoto. Mimi nilikuwa nimefunga mkanda. Niliyemuweka bila chochote ni yule mdogo kuliko wote mle ndani.

Sasa naomba kujua, sheria inasemaje, bosi anahusikaje, na kuna namna yoyote salama ya kumchukua mtoto hata safari moja? Dogo ana miaka 9.

TingoMstaafu:
Pole sana mkuu kwa binti. Ila mimi nina upande mwingine. Marehemu mzee wangu aliendesha malori tangu enzi zile za kusafirisha mizigo ya Zambia, mimi na kaka zangu tumekulia kwenye boneti, tumelala kitandani, tumelala hata juu ya turubai mzigo ukiwa wa pamba, hakuna aliyeumia. Na kazi yote niliyoijua niliijua mle, kufunga kamba, kuangalia upepo wa tairi kwa kugonga na chuma, kusikiliza injini inalia vipi. Baba yangu alikuwa haongei nyumbani, alikuwa anaongea akiwa anaendesha. Ukiniambia nisingepanda lile lori basi unaniambia nisingemjua baba yangu. Ajali ikipangwa imepangwa hata ukiwa sebuleni.

Baba Wawili:
Mkuu Tingo hapo kwenye mzee kuongea akiwa anaendesha umenigusa kweli maana na mimi niko hivyohivyo. Hilo ndio linalofanya swali liwe gumu. Lakini hilo la kupangwa sitaki kulikubali, mkono uliomweka binti kitandani ni huu wangu.

nesi wa zamu:
Nimefanya kazi wodi ya majeruhi kwenye hospitali moja iliyo kando ya barabara hiyohiyo kwa miaka, naomba nichangie kwa kirefu.

Wanaokuja kusema sisi tulipanda na hatukuumia ndio hao waliobaki kusema. Wale wengine tuliwapokea sisi na hawawezi kuandika hapa. Sisemi kwa ubaya ndugu Tingo, nasema kwasababu nimeshawahi kumvua mtoto viatu vya shule ambavyo hakuvihitaji tena.

Watu wengi hawana picha ya nguvu ya gari kusimama. Gari likiwa kwenye 80 likagonga likasimama papo hapo, mwili ambao haujafungwa unaendelea na ile 80, na ni sawasawa na kudondoka kutoka juu mita 25, yaani ghorofa ya nane. Kwenye 50 ni kama mita 10, ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi anayeweza kumwachia mwanae toka ghorofa ya tatu akasema nitamdaka. Ndio maana hata KUPAKATA ni hatari, mama anasema nilimshika kwa nguvu zote na ni kweli alimshika, lakini mtoto wa kilo 15 kwa muda ule anavuta kama mzigo wa mamia ya kilo, mikono inafunguka yenyewe. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda basi anamponda mtoto kwa uzito wake.

Lingine, mkanda wa mtu mzima haujatengenezwa kwa mtoto mfupi. Ule wa begani unampita shingoni, ule wa kiunoni unapanda tumboni badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga, breki ikipigwa unakata utumbo, ini na bandama. Nje hana hata mchubuko, masaa mawili baadae presha inashuka. Kwahiyo mtoto anahitaji kile kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite katikati ya bega na chini kabisa kwenye nyonga. Uingereza kwa mfano sheria yao inasema mtoto akae kwenye kiti chake mpaka afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kimojawapo kikitangulia. Sio umri tu, ni urefu. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya wachanga hadi asilimia 71. Dogo wa miaka 9 mpime ukutani kabla ya kuuliza mambo mengine.

Na kingine mkuu, ule mkanda wa siti ya utingo uangalie mwenyewe kwa macho. Nimeletewa watu wengi waliokaa siti ile na wanakwambia mkanda ulikuwepo ila umefukiwa chini ya kava la siti tangu gari linunuliwe.

Kijana wa Chimala:
Naweka kambi hapa, naufuatilia uzi. Mimi shemeji yangu ndio ana tabia hii ya kumlaza mtoto kitandani, namtumia huu uzi saivi.

Sheria Mkononi:
Nijibu kipande cha sheria kwa upande wa Tanzania, nitaandika kwa lugha ya kawaida.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imefanyiwa marekebisho kadhaa. Mkanda ni lazima kwa dereva na anayekaa siti ya mbele. Ilipoandikwa haikutaja kabisa kiti maalum cha mtoto, hivyo ukisubiri trafiki akukamate kwa kosa la kumlaza mtoto kitandani utasubiri sana, na ndipo madereva wengi wanapodanganyika wakaona kwasababu halina faini basi halina hatari. Mwendo wa gari la mizigo lililozidi kilo 3,500 ni 80 mwisho, kwenye makazi ni 50, hilo mnalijua maana tochi za trafiki za kupima mwendo zinawafundisha.

Gari la mizigo leseni yake ya usafirishaji inatoka LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini, na ni ya mizigo. Sio ya abiria. Mtoto wako wa kumzaa sio abiria wa kulipa nauli, lakini askari pale mizani hajui kama ni mwanao, anachoona ni mtoto asiye na mzazi wa kike ndani ya lori lenye wanaume wawili. Na hapa nataka mnielewe vizuri, askari akiuliza maswali mengi ANAFANYA KAZI NZURI. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na watoto wanaotolewa vijijini kwenda mijini kufanya kazi za ndani wengine hupita kwa njia hizihizi za malori. Kwaio beba cheti cha kuzaliwa au kopi yake, barua ya mama yake yenye namba ya simu, na barua ya mmiliki wa gari. Ukiulizwa usikasirike, toa.

Kama ni mtoto wa miaka 15 au 16 na unamchukua "asaidie kidogo", hapo umebadilisha habari. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 lakini kazi ya hatari hapana mpaka 18, na utingo kwenye semi, kupanda juu ya kontena, kuingia chini ya tela kukaza breki, ukimwambia hakimu hiyo ni kazi nyepesi hatakuelewa.

Kuvuka mpaka ndio usijaribu bila pasipoti ya mtoto mwenyewe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Foleni ya Tunduma unaijua, ukikwama siku nne mtoto atalala wapi?

Bima nayo isome. Nyingi za malori zinamtambua dereva na msaidizi wake kwasababu ni wafanyakazi. Mtu wa tatu mle ndani muulize wakala wako kwa maandishi, sio kwa mdomo.

Mama Shukuru:
Mimi ni mke wa dereva na nimesoma yote kwa makini. Nataka kusema kitu ambacho wanaume hamjakisema.

Mume wangu anakaa nyumbani kama siku nne kwa mwezi, mwezi mwingine hakuna. Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la tatu aliandika shuleni kwamba baba yake anaishi kwenye simu. Kwahiyo siku baba yake aliposema namchukua likizo nilifunga begi mwenyewe, niliweka mpaka uji wa unga kwenye chupa, sikuwaza mkanda wala nini. Msituhukumu akina mama.

Lakini kuna la binti. Maegesho ya malori usiku sio mahali pa mtoto, kuna pombe, kuna wanawake wanaotafuta riziki wanagonga milango ya magari, kuna watu ambao mume wangu mwenyewe hawajui majina. Dereva akishuka kwenda kushughulikia karatasi za mzigo au kuoga anamwacha mtoto na nani? Na utingo. Utingo ambaye pengine wameanza kazi pamoja wiki mbili zilizopita. Sisemi matingo wote wabaya, wapo walioniletea mume wangu akiwa na malaria amelazwa begani kama ndugu yao. Nasema mtoto HAACHWI na mtu ndani ya chumba kidogo chenye pazia, awe nani. Kama safari haiwezekani bila kumwacha, safari hiyo mtoto haendi. Mimi kwangu hiyo ndio sheria ya kwanza kabla ya mkanda.

nesi wa zamu:
Mama Shukuru asante kwa kulisema. Hata wa kiume, sio mabinti tu.

Baba Wawili:
Dada heshima yako, nimesoma mara mbili. Nakiri ile safari nilimwacha na utingo pale Morogoro dakika arobaini nikiwa natafuta fundi wa tairi. Hakukutokea baya lakini sikuwaza kabisa.

Msafiri wa Mlolongo:
Hapa Kenya ni hivyohivyo tu bwana. Mimi nimepiga Mombasa Malaba miaka kumi, turnboi wangu alikuwa na mtoto wake wa kambo tukambeba wakati shule zimefungwa. Nikwambie kitu kimoja, kuna mteremko pale Salgaa kushuka, kabla watenganishe ile barabara na vizuizi watu walikuwa wanaachilia gari liserereke na gia imetolewa ili kuokoa mafuta, breki zinashika moto, likifeli linafagia kila kitu. Tulipita siku moja tukapata gari mbili zimeshikana zinachomeka. Mtoto alikuwa ameketi katikati yetu juu ya mtungi wa maji kwa sababu siti ni mbili tu. Juu ya MTUNGI. Tangu siku hiyo nikasema hakuna mtu wa tatu kwa gari yangu kama hakuna siti ya tatu.

Na tanka ya mafuta sitaki hata kusikia. Sachangwan Januari 2009 watu zaidi ya mia walikufa tanka ilipoanguka ikashika moto, na nyinyi huko mlikuwa na Morogoro pale Msamvu Agosti 2019, tena zaidi ya mia. Hao wengi walikuwa wanachota. Sasa fikiria mtoto yuko ndani ya kichwa na watu wamezunguka na ndoo.

Mtanga wa Texas:
Assalam aleikum wakubwa. Mimi mzaliwa wa Tanga, naendesha lori Marekani mwaka wa sita, niwape ya huku pengine itasaidia kwa kulinganisha.

Huku sheria ya serikali kuu inasema dereva wa gari la biashara lisilo basi haruhusiwi kubeba mtu yeyote mpaka kampuni imruhusu KWA MAANDISHI. Na hiyo karatasi sio ya kuandika mheshimiwa ruhusu, inatakiwa iwe na jina la anayepanda, anapandia wapi, anashukia wapi, na ruhusa inaisha tarehe ngapi. Mtoto wako wa damu hana msamaha. Sheria yenyewe haitaji umri, umri unawekwa na kampuni na bima yake, kampuni nyingi hazichukui mtoto mdogo kabisa, nyingine zinaanzia miaka 10, nyingine 12, nyingine hapana moja kwa moja, na unakatwa hela ya bima ya huyo abiria. Ukibeba mzigo wa kemikali au wa kulipuka kwa kawaida kampuni hairuhusu.

Mkanda kwa abiria wa lori huku ni lazima, hilo liliingia kwenye kanuni mwaka 2016. Na hapa nimjibu mleta mada kuhusu kitanda: malori ya huku kitanda lazima kiwe na kizuizi cha kumzuia aliyelala asirushwe gari likipunguza mwendo ghafla, ni wavu au mikanda mipana, kanuni inataka kistahimili nguvu ya ratili 6,000, karibu kilo 2,700. Ona sasa, wenzetu walijua zamani sana kwamba kitanda kinarusha watu, magari yaliyotengenezwa tangu Julai 1971 yanadaiwa hiyo kitu. Lakini mkuu usije ukanunua wavu mtumba ukafunga na waya ukadhani umemaliza, ule umepimwa kwa mtu mzima aliyelala na umeshikizwa kwenye fremu yenyewe. Mimi mwanangu huku nimemchukua mara mbili na hakulala kitandani gari likitembea hata mara moja. Akisinzia anasinzia kwenye siti kafungwa. Tukiegesha ndio anapanda juu.

TingoMstaafu:
Wakuu nimesoma mpaka hapa. Nimempigia kaka yangu mkubwa jana usiku nikamsomea huu uzi, akaniuliza swali umesahau ya mdogo wetu? Nilikuwa sijasahau ila nilikuwa nimeiweka mbali. Mdogo wetu aliangukia nje mlango ulipofunguka wakati mzee anakata kona taratibu kuingia yadi, alikuwa amesimama ameegemea. Alipona, ila mkono wake wa kushoto mpaka leo haukunjuki vizuri na sisi nyumbani tulikuwa tunasema tu ameanguka. Kwaio pale juu niliposema hakuna aliyeumia naomba niirudishe hiyo kauli.

Sijabadilika kwamba mtoto akae na baba yake. Ila mlango ufungwe kwa loki na asisimame.

Mwenye Magari Matatu:
Mimi ni mmiliki, nina semi tatu, nijibu upande wa bosi kwasababu naona tunaogopwa bure.

Madereva hawatuambii kwasababu wanajua tutasema hapana, na sisi tunasema hapana kwasababu tunajua wataomba kila siku. Matokeo yake wanawapandisha kimyakimya nje ya yadi, mtoto anapandia Mbezi na anajificha kitandani kwenye mizani, yani kujificha kwenyewe ndio kunamuweka sehemu mbaya zaidi. Hilo lilinifikirisha sana nilipogundua kwamba dereva wangu mmoja amefanya hivyo mara tano.

Sasa nimeweka utaratibu wangu. Anaandika barua, mama wa mtoto anaweka namba nampigia mwenyewe. Mtoto mmoja tu, na utingo ile safari anabaki, maana siti ni mbili. Mchana tu, saa kumi na mbili jioni gari liwe limeegeshwa. Hakuna tanka, hakuna mzigo uliozidi juu ya bodi. Ni safari fupi, Dar Morogoro au Dar Dodoma, na mtoto anarudi na basi akiwa na ndugu kama mzigo wa kurudi ni mzito. Wenye njia ya Tunduma mnajua, kwenda Kitonga unapanda, kurudi na shaba unaishuka na tani zote ziko mgongoni, tunazungumzia gari la mpaka tani 56 kwenye mteremko ule. Mimi mtoto wa mtu sitaki awe mle.

Dereva mmoja aliniambia bosi bila utingo nani atanielekeza kurudi nyuma? Nikamwambia shuka ukaangalie, mtoto abaki amefungwa. Na kamwe mtoto asishuke kwenda "kukuelekeza". Nimeona yadi moja jirani mtoto wa fundi amesimama mbele kabisa ya boneti upande wa kushoto, dereva kule juu haoni kitu, aliponea kwasababu mlinzi alipiga kelele.

Baba Wawili:
Mkuu hapo kwenye kushuka umenikumbusha, hatari nyingi ziko gari likiwa LIMESIMAMA na watu hatuzisemi. Niongeze tatu ninazozijua mwenyewe.

Hendbreki ya magari haya ni kitufe au kiwiko kidogo tu pale karibu na usukani, mtoto wa miaka minne anaiachia kwa mkono mmoja upepo wa breki ukiwa umejaa. Umeegesha kwenye mwinuko umeshuka kununua mahindi, yeye anacheza dereva dereva. Zima gari, liache kwenye gia, weka kigingi kwenye tairi, chomoa funguo, na bora zaidi shuka naye.

Pili jiko la mkaa. Wanaolala Mafinga na Makambako kipindi cha baridi mnajua watu wanaingiza jiko ndani ya kichwa wapate joto na vioo wamefunga. Ule moshi usioonekana unaua mtu mzima akiwa usingizini, na mtoto anawahi zaidi. Blanketi mbili na soksi, jiko libaki nje.

Tatu kupanda na kushuka. Ngazi zile kwa mguu wa mtoto ni kama kupanda mnazi. Auangalie mlango, mikono miwili imeshika, asiruke, na wewe uwe umesimama chini yake, upande wa majani sio upande wa lami.

Kijana wa Chimala:
Shemeji amesoma. Hajajibu kitu, ila dada kaniambia leo asubuhi alikuwa uani anauchimbua mkanda wa siti kwa bisibisi.

nesi wa zamu:
Baba Wawili hujatuambia urefu wa dogo.

Baba Wawili:
Nimempima jana kwenye fremu ya mlango, sentimita 128. Kwaio bado.

Niwape mrejesho wakuu. Nimekwenda kwa bosi, safari hii kwa mlango wa mbele. Kwanza alikataa, nikamsomea ile ya Mwenye Magari Matatu na ile ya Texas ya karatasi yenye jina na tarehe, akanyamaza akasema niachie siku mbili. Leo kanipa barua, Dar mpaka Morogoro, kwenda tu, mchana, tarehe imeandikwa, na wakala wa bima amejibu kwa ujumbe kwamba anamuongeza kwa hiyo siku. Utingo anatangulia na basi.

Mkanda wa siti ya kushoto ulikuwepo lakini ulikuwa haukazi, unavuta unabaki umelegea. Fundi kanifungia mwingine kamili, wa bega na kiuno, maana nimeambiwa kile kiti cha kunyanyua hakifai kwenye mkanda wa kiuno peke yake. Kiti cha mtumba nilikiona kizuri tu bei rahisi lakini muuzaji hakujua kama kilishawahi kuwa kwenye gari lililogonga, nikakiacha, ndugu yangu kaniletea kipya.

Jana jioni nilimkalisha dogo yadini gari likiwa limezimwa, nikamfunga, mkanda ukakaa katikati ya bega na chini kwenye nyonga kama nesi alivyosema. Dada yake alikuja naye. Alisimama chini hakutaka kupanda, akamuuliza mdogo wake, unaweza kusogea? Dogo akajaribu kujivuta mbele mkanda ukamkatalia. Akamwambia jaribu tena kwa nguvu. Akajaribu tena.

Mama yao atatusubiri stendi ya Msamvu Jumamosi saa nane mchana na ndio atakayerudi naye. Nikifika ntaandika hapa.